Nani Alizirekodi Treni za Nakuru?

Leo naweka misimbo na hifadhidata kando kidogo, tuzungumze habari za reli. Lakini nakuonya mapema, ndugu msomaji: mwandishi wa programu hata akienda kutazama treni ataishia kuzungumza habari za data. Nivumilie.

Kuna watu duniani ambao starehe yao ni kusimama kando ya reli kuu, kamera mkononi, wakingoja treni ipite. Hawasafiri wala hawampokei mgeni. Wanataka tu kuiona, kuandika namba ya injini, kuipiga picha, kisha waende zao. Uingereza wapenzi hawa walipata kitabu chao mwaka 1942, pale Ian Allan, kijana karani wa kampuni ya Southern Railway, alipochapisha kijitabu chenye orodha ya injini za kampuni hiyo. Vijana wakakigombania, wakawa wanapiga mstari chini ya kila namba waliyoiona kwa macho. Kwa lugha ya kazi yangu, Allan alitoa jedwali, na wasomaji wakaanza kulijaza.

Sasa swali. Sisi wa Nakuru na Bonde la Ufa tuliishi kando ya mojawapo ya reli za ajabu duniani, iliyopanda milima ambayo wengi walidhani treni haiwezi kupanda. Nani aliitazama? Nani aliirekodi? Na alichorekodi kiko wapi leo?

Reli na sinema ni rika moja

Reli yetu na sinema zilizaliwa karibu wakati mmoja. Mwanzoni mwa 1896 ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walionyesha hadharani filamu fupi ya garimoshi likiingia katika stesheni ya La Ciotat. Haifiki hata dakika moja. Mei mwaka huohuo, 1896, reli ya kwanza ya Uganda Railway ikalazwa Mombasa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya reli yetu, mtambo wa kuirekodi ikitembea ulikuwa tayari upo duniani. Ila haukuwa mikononi mwetu.

Kazi yenyewe unaijua. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, kisha ikakutana na ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inaporomoka ghafla. Wahandisi walipokuwa wakichonga njia ya kudumu, mabehewa na vyuma viliteremshwa kwa kamba nene kwenye mteremko wa muda karibu na Kijabe, ili kazi ya chini isisimame. Mwaka 1900 reli ikafika Nakuru, na Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, pale palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu.

Mpiga picha alikuwapo. Aliitwa William D. Young, na picha zake za ujenzi ndizo tunazoziona hadi leo vitabuni: vibarua wamejipanga, madaraja ya mbao, wakubwa wa reli na kofia zao. Ni picha nzuri, na bila yeye tungekuwa gizani. Lakini zilipigwa kwa macho ya mwenye mradi, na mwenye mradi hupiga picha ya mradi ukifaulu.

Watazamaji wengine walikuwa upande wa pili wa reli, na hawakuwa na kamera. Wanandi wanasimulia utabiri wa Orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, juu ya nyoka atakayekuja akitema moto na moshi. Kimnyole alikuwa ameshauawa mwaka 1890, kabla hata ya reli kuanza. Nyoka alipokuja kweli, watu waliyang'oa mataruma, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya reli wakafua mapambo na silaha. Vita hivyo vilifikia kilele Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, alipouawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Basi ukiniuliza watazamaji wa kwanza wa treni katika nchi hii ni nani, nitakujibu ni hawa. Waliitazama kwa makini kuliko mtu yeyote, kwa sababu ilikuwa inachukua ardhi yao. Rekodi yao ni masimulizi.

Njia panda

Mwanzo reli ya Nakuru ilikwenda Kisumu tu, ikipita Njoro, Elburgon na Molo, ikapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kisha ikashuka ziwani. Mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli. Katika miaka ya 1920 ikajengwa njia mpya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret kupitia Timboroa. Mwaka 1931 reli ikavuka Mto Nile kwa daraja la Jinja na kufika Kampala. Karibu na Timboroa njia inafika takriban mita 2,780. Stesheni iliyo juu namna hiyo haikuwapo kwingine katika dola nzima ya Waingereza, na kwenye njia hiyohiyo ipo stesheni iitwayo Equator, kwa kuwa ikweta inapita hapo.

Fikiria hesabu hiyo. Treni inatoka Mombasa, usawa wa bahari. Inapanda hadi Nairobi, inazidi kupanda hadi nyanda za Limuru, inatumbukia bondeni, inafika Nakuru kwenye mita kama 1,850, halafu inaanza kupanda tena karibu mita 1,000 nyingine. Yote hayo kwenye reli yenye upana wa mita moja tu. Na sehemu kubwa ni njia moja: treni inayokwenda na inayorudi zinapishana stesheni tu, moja ikingoja mwenziwe. Kila kahawa na pamba ya Uganda, kila debe la mafuta lililokwenda Kampala, lilipita Nakuru. Ndiyo maana Nakuru ilikuwa na shedi ya injini, mafundi, landi za wafanyakazi, na kelele mchana na usiku.

Injini yenye viungo

Kilichowaleta wapenzi wa treni kutoka ng'ambo hasa ni Garratt. Nieleze, maana ni uhandisi wa kupendeza.

Tatizo lilikuwa hili. Mlima unataka injini kubwa. Injini kubwa ni nzito, na reli nyepesi haiwezi kuibeba. Tena injini ndefu haiwezi kukata kona kali za milimani. Mwingereza Herbert William Garratt alipata jibu lake mwaka 1907: tandika tangi la mvuke katikati, weka seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja na mitambo yake, halafu ziunganishe kwa viungo. Uzito unagawanywa juu ya ekseli nyingi, na injini inajipinda konani kama jongoo. Mwandishi wa programu ataelewa haraka: ukishindwa kununua seva moja kubwa, gawa mzigo.

Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilianza kutuletea Garratt mwaka 1926. Aina ya 60, zilizokuja katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa 29, na ekseli yake ilibeba tani 11 tu, ili ziweze kupita juu ya reli za kilo 25 hivi kwa mita. Aina ya 59 ndiyo iliyokuwa jitu lenyewe. Zilijengwa 34 mwaka 1955 na 1956, kila moja ina uzito wa tani 252, na ekseli inabeba tani 21. Zilipewa kazi ya Mombasa hadi Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito. Hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya mita moja popote duniani. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki.

Namba ni ufunguo

Hapa ndipo mimi huanza kufurahi peke yangu. Shirika la East African Railways and Harbours, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa na mpango wa namba uliopangika vizuri. Tarakimu mbili za kwanza ni aina, mbili za mwisho ni nafasi ya injini katika aina hiyo. 5918 ni injini ya 18 ya aina ya 59. 6029 ni ya mwisho ya aina ya 60. Tazama picha yoyote, soma namba, na tayari una ufunguo wa kuiunganisha na historia nzima ya injini hiyo.

Mambo mengine kwenye picha yanakupa tarehe. Injini za aina ya 60 zilikuwa na majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru vibao hivyo vikang'olewa. Basi picha ikionyesha kibao cha gavana, jua ni ya kabla. Dizeli za njia kuu za English Electric zilianza kuja mwaka 1960 zikiitwa aina ya 90. Katika miaka ya 1970 zikabadilishiwa namba zikawa aina ya 87. Mtu aliyeiona injini hiyohiyo mwaka 1965 na mwaka 1975 angeapa ameona mbili. Yeyote aliyewahi kubadilisha ufunguo mkuu wa jedwali bila kuacha kumbukumbu anayajua machungu yake.

Kwa nini kamera zilikuwa za wageni

Basi turudi kwenye swali. Picha na filamu nyingi za Garratt zinazoonekana leo mtandaoni zilipigwa na wageni: wafanyakazi wa reli kutoka Uingereza, walimu, wanajeshi, na wapenzi waliosafiri makusudi mvuke ulipokuwa unakaribia kwisha. Mwaka 1976 Kevin Patience alitoa kitabu chake cha picha, Steam in East Africa, na mpaka leo wapenzi wa reli wanakitafuta. Injini za aina ya 59 ziliondolewa kazini kati ya 1973 na 1980. Kwa hiyo hawa watu walifika wakati wake hasa.

Usiwalaumu. Waliona thamani, wakalipa gharama. Na gharama ilikuwa kubwa. Kasha moja la filamu ya Super 8, iliyotoka mwaka 1965, lilikuwa na futi 50, yaani dakika tatu na sekunde ishirini kwa kasi ya kawaida ya fremu 18 kwa sekunde. Treni ya mizigo ikipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayekimbia ingeweza kumaliza kasha kabla gari la gadi halijatokea. Kisha unatuma filamu isafishwe, unangoja. Mfanyakazi wa landi za Nakuru mwenye watoto watano angetoa wapi pesa hizo? Tena filamu hizo za Super 8 hazikuwa na sauti hadi mwaka 1973. Ndiyo maana Garratt nyingi unazoziona mtandaoni ni bubu, au zimebandikwa sauti ya injini nyingine kabisa.

Lakini sababu kubwa kuliko pesa ni nyingine. Kwa mgeni, treni ilikuwa kitu cha kutazama. Kwa mtu wa Nakuru, treni ilikuwa kazi. Dereva, fayaman aliyechunga moto, gadi, mwenye bendera, fundi wa kupaka grisi, mama aliyeuza mahindi dirishani. Nani hupiga picha kazi yake? Hata leo mimi sipigi picha ya skrini yangu kila jioni.

Na bado hao walikuwa wanarekodi, tena kuliko wote. Stesheni masta aliandika katika daftari kila treni iliyofika na iliyotoka, saa na dakika, kwa sababu kwenye njia moja dakika iliyoandikwa vibaya inaua watu. Hiyo ni kumbukumbu ya mfumo, ndiyo ile ile ambayo seva zetu huandika. Picha ya mgeni inakwambia Garratt ilivyopendeza ikipanda. Daftari linakwambia ilichelewa kiasi gani, ikapishana na nani, siku gani. Ukiwa navyo vyote viwili una historia, ukiwa na kimoja una nusu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi tunaitumia kwa biashara. Nadhani reli inaistahili zaidi.

Jumba la Makumbusho ya Reli lilifunguliwa Nairobi mwaka 1971, Fred Jordan akiwa msimamizi wake wa kwanza, na ndilo lililookoa vingi, pamoja na hiyo 5918, Mount Gelai, inayosimama pale hadi leo. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanywa nchi kwa nchi. Kampuni ikigawanywa, injini hugawanywa kwa hesabu, kwa sababu injini ni mali. Albamu na madaftari hayana mgombezi.

Halafu kuna askari

Kuna jambo jingine ambalo kila mpiga picha wa hapa analijua. Kwa miaka mingi, ukiinua kamera penye reli, daraja au stesheni, uliitwa kando. Unapiga picha ya nini? Nani amekutuma? Yalinipata hata mimi katika stesheni moja ndogo ya Bonde la Ufa. Askari alikuwa na adabu, akaniita "kijana", akataka nifute picha zote mbele yake. Nikafuta. Zilikuwa picha za kichwa cha treni ya mizigo na mbuzi watatu waliolala kivulini mwa behewa. Sina kinyongo naye, alitumwa kulinda. Lakini ukichukua mfano wangu ukauzidisha kwa miaka sitini na kwa kila kijana aliyewahi kuwa na kamera, utapata sehemu ya jibu la kwa nini kumbukumbu zetu ziko kwa watu wengine.

Vyuma navyo havidumu

Tusidhani tuna muda. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, na treni za kwenda magharibi zikakwama. Tangu Novemba 2006 reli ilikuwa imekodishwa kwa Rift Valley Railways, na mkataba huo ukavunjika mwaka 2017. Mwaka huohuo reli ya kisasa ya SGR ikaanza kazi Mombasa hadi Nairobi, na Oktoba 2019 ikafika Suswa, ndani ya Bonde la Ufa lakini bila kufika Nakuru. Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ikarejeshwa kwenye reli ya zamani baada ya miaka kadhaa ya kimya, na watu wakajipanga kando ya njia kuitazama. Mwezi huohuo Nakuru ikatawazwa kuwa jiji.

Ulitazama video za siku hizo? Karibu zote zilipigwa na watu wa hapa, kwa simu. Hilo ni jambo jipya kabisa katika historia ya miaka zaidi ya 120. Simu za kwanza zenye kamera ya video zilitupa picha ya nukta 176 kwa 144, yaani nukta 25,344. Video ya leo ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, zaidi ya mara 80. Kamera ambayo baba zetu hawakuweza kuinunua sasa iko mfukoni mwa mpiga debe.

Sasa hapa ndipo pa hatari. Tunarekodi sana, ila hatuhifadhi. Video inapigwa, inatumwa kwa WhatsApp, na WhatsApp inaibana na kuondoa taarifa za mahali na siku iliyopigwa. Anayeipokea anaituma mbele. Baada ya miezi mitatu una treni isiyo na siku, isiyo na mahali, isiyo na mpigaji. Simu inaibiwa, ile nakala nzuri inakwenda nayo. Filamu ya Super 8 ya mwaka 1970 iliyotunzwa kabatini mahali pakavu bado inaonyesha. Video yako ya mwaka 2010, iko wapi?

Kwa hiyo nina ombi la kifundi, nalo si gumu.

Kwanza, ukipiga treni, lipe faili jina lenye maana: mwaka, mwezi, siku, mahali, namba ya injini. Kwa mfano 2021-12-17-njoro-9310. Ukianza na mwaka, kompyuta itakupangia yenyewe. Injini za aina ya 93 zilitengenezwa na General Electric ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Tunaziona za kawaida leo, kama vile Garratt zilivyokuwa za kawaida mwaka 1965.

Pili, hifadhi nakala asili, si ile iliyopita WhatsApp. Weka nakala tatu, mahali zaidi ya pamoja.

Tatu, simama mbali na njia, omba ruhusa stesheni, na usimpige mtu uso karibu bila kumwuliza.

Nne, na hili ndilo kubwa. Kabla ya kwenda kupiga treni, nenda kwa mzee aliyefanya kazi reli. Nakuru bado wapo, na kila mwaka wanapungua. Mwonyeshe picha za wageni kwenye simu yako. Mwulize hapo ni wapi, nani alikuwa akiendesha zamu za usiku, kwa nini injini ile imesimama upande ule. Washa kinasa sauti. Mgeni aliipiga picha Garratt lakini hakujua jina la aliyekuwa ndani akichunga moto. Mzee anajua. Akiondoka, injini itabaki na namba yake, na yule mtu atabaki kivuli dirishani.

Ukipata mzee wa namna hiyo, mpe salamu zangu, na usisahau kuandika tarehe.